Ulinzi wa Fedha za Ada za Wafanyakazi katika Viwanda vya Samaki vya Mwanza

Katika viwanda vya kusindika minofu ya sangara kandokando ya Ziwa Viktoria jijini Mwanza, ada ya chama cha wafanyakazi hupitia mikono mitatu: mfanyakazi anayeitoa, mwajiri anayeikata na chama kinachoitumia. Makala hii inafafanua jinsi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inavyozilinda fedha hizo, na mahali ambapo ulinzi huo hupungua nguvu.

Kwanza ni makato. Mwajiri hukata ada kwa idhini ya maandishi ya mwanachama, naye hutakiwa kuiwasilisha chamani ndani ya siku 7 baada ya mwezi kumalizika. Akichelewa bila sababu ya msingi, hudaiwa nyongeza ya asilimia 5 kwa kila siku. Tuchukulie kiwanda chenye wanachama 120 wanaokatwa shilingi 4,000 kila mmoja. Ada ya mwezi ni shilingi 480,000. Kuchelewa siku 10 huzaa nyongeza ya shilingi 240,000, yaani nusu ya ada yenyewe.

Pili ni ada ya uwakala. Chama chenye wafanyakazi walio wengi kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama, ambao nao hunufaika na mkataba wa hali bora, wakatwe kiasi kisichozidi ada ya wanachama. Hakuna anayelazimishwa kujiunga. Fedha hizo huwekwa katika akaunti ya pekee kwa ajili ya maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo, wala haziwezi kuchangia chama cha siasa.

Tatu ni hesabu. Chama hulazimika kutunza vitabu, kukaguliwa, na kuwasomea wanachama taarifa ya fedha mkutanoni.

Hata hivyo, ada hufuata mshahara, na mshahara hufuata samaki. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa vipindi kati ya 1997 na 1999, viwanda vilipunguza uzalishaji na wafanyakazi. Aidha, kibarua wa kutwa asiyekuwamo katika orodha ya mishahara ya mwezi ni vigumu kukatwa ada. Hivyo basi, mfuko hupungua wakati uleule ambapo utetezi unahitajika zaidi. Sheria hulinda fedha iliyokwisha kukatwa. Kuweka akiba ya miezi ya uhaba na kuwaingiza vibarua chamani ni wajibu wa wanachama na viongozi wa tawi.