Nukta Nyekundu na Njia ya Risasi

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari za chombo kidogo kifungwacho juu ya bunduki, ambacho mlengaji atazamapo ndani yake huona nukta nyekundu. Wako watu wadhanio ya kuwa mwenye chombo hiki hawezi kukosa shabaha. Dhana hiyo si kweli, tena ina hatari. Mnyama aliyepigwa vibaya hukimbia akafa kwa maumivu mwituni. Na nyati aliyejeruhiwa, kama wajuavyo wakaao karibu na pori, ni adui wa kila apitaye. Nukta huonyesha mahali linapolenga jicho. Haionyeshi mahali itakapokwenda risasi, mpaka mtu amevipatanisha viwili hivyo kwa kazi ya mikono yake.

Asili ya chombo hiki ni ya zamani. Katika mwaka 1900 Howard Grubb, fundi wa darubini wa mji wa Dublin, alibuni kilengeo cha kioo kirudishacho mwanga. Katika vita vya 1939 mpaka 1945 vilengeo vya namna hiyo vilitumika sana katika ndege za kivita. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya nchi ya Uswidi ilitoa kilengeo cha umeme kwa ajili ya bunduki za mkono.

Ndani yake mna taa ndogo mno itumiayo betri. Mwanga wa taa hupiga kioo kilichobonyea kidogo, kilichopakwa dawa irudishayo rangi nyekundu na kupitisha nyingine. Mwanga huo hurudi kwenye jicho kwa mistari iliyo sambamba, na kwa hiyo nukta huonekana kana kwamba iko mbali kule kwenye shabaha. Hakuna mwali utokao mbele ya bunduki. Mlengaji hutazama kwa macho mawili wazi, na kichwa kikisogea kidogo, kosa lake huwa dogo.

Sasa tueleze kukifunga. Kwanza kabisa toa risasi zote, ukatazame chumba cha risasi na kukigusa kwa kidole. Futa mafuta na vumbi pale pa kufungia. Weka kilengeo katika mfuo wake, ukisukume mbele kuelekea mdomo wa mtutu, kisha ukaze parafujo kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Kikilegea, kila mshindo wa bunduki utakihamisha, na kazi yote ya baadaye itakuwa bure. Yafaa kuchora mstari mdogo wa rangi juu ya parafujo na chuma kilicho chini yake. Mistari isipokutana, utajua kwamba imelegea.

Ndipo ifuatapo kazi ya kupatanisha. Ifanyike mahali palipoidhinishwa, penye kingo nene ya udongo nyuma ya shabaha. Egemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, kwa umbali wa meta 50. Piga risasi 3 polepole, zote zikilengwa mahali pamoja. Usirekebishe kitu kwa ajili ya risasi moja, maana mkono wa mtu hutetema; matundu 3 yaliyokaribiana ndiyo yasemayo kweli. Yakiwa yametawanyika mbalimbali, chunguza kwanza parafujo na pumzi yako.

Kilengeo kina vifundo viwili, kimoja cha juu na chini, kimoja cha kulia na kushoto. Katika vilengeo vingi, kila mlio mmoja wa kifundo huhamisha risasi kadiri ya milimeta 29 kwa umbali wa meta 100, yaani milimeta 14 na nusu kwa meta 50. Basi, katikati ya matundu yako pakiwa chini ya shabaha kwa milimeta 58, zungusha kifundo milio 4 kwa upande wa kupandisha. Piga tena 3, ukatazame. Endelea hivyo mpaka matundu yazunguke shabaha, kisha uhakikishe kwa meta 100.

Mwenye akili atauliza: Mbona umbali hubadili mambo? Jibu ni kwamba kilengeo kimekaa juu ya mtutu, nayo risasi huanza safari yake chini ya mstari wa jicho, huupanda, kisha huanguka kwa uzito wake. Mistari hiyo hukutana mahali palipochaguliwa tu. Ukitumia risasi za uzito mwingine, au bunduki ikianguka, jaribu upya.

Mwisho, punguza ukali wa nukta hata ionekane tu, kwa kuwa nukta kali huficha shabaha. Wala asiwepo mtu afyatuaye risasi kwa kiumbe chenye uhai kwa bunduki ambayo hajaijaribu kwanza juu ya karatasi.