Pawa Ikinoki, Mtafute Kwanza Aliyeiua

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo wapasuaji mbao wanaielewa barabara, kwani msumeno wa injini, ambao wengi huuita pawa, ndio jembe lao na ndio ng'ombe wao wa maziwa. Siku unapozimika ghafla katikati ya gogo, na kamba ikakataa kuvutika, riziki ya nyumba nzima husimama.

Chombo hiki si cha jana. Mjerumani Andreas Stihl alianzisha kampuni yake mwaka wa 1926 mjini Stuttgart kwa msumeno wa umeme. Wa petroli aliutoa mwaka wa 1929. Mwaka wa 1959 kampuni hiyo ikaleta Contra, msumeno mwepesi wa kushikwa na mtu mmoja.

Injini ya pawa, msomaji, haina tangi la oili kama ya gari. Oili ya kulainisha pistoni huchanganywa katika petroli yenyewe. Kwa oili halisi ya injini hizo, aghalabu ni mililita 20 kwa kila lita moja. Kijana wa kazi akisahau, akamimina petroli tupu, dakika chache zatosha. Pistoni hupata moto, hutanuka, na aluminiamu yake hujipaka katika ukuta wa silinda. Hapo ndipo mafundi husema injini imenoki.

Fundi mzuri hakimbilii spana. Kwanza huzima swichi, akauinua msumeno kwa kishikio cha kamba ya kuwashia. Ukishuka polepole kwa kusitasita, mgandamizo ungalipo. Ukiporomoka moja kwa moja, pistoni au ringi zimekwisha. Mwenye kipimo hutafuta takriban pauni 150 kwa inchi ya mraba. Ikiwa chini ya 100, huyo ni mgonjwa wa kulazwa.

Pili, hufungua sailensa na kuichungulia pistoni kupitia tundu la moshi. Pistoni nzima huwa laini. Mikwaruzo ya wima ikizunguka pande zote, aghalabu oili haikuwamo. Ikiwa upande wa moshi pekee, injini ilipata hewa nyingi na petroli kidogo, ikachemka. Ikiwa upande wa kabureta, mshukiwa ni vumbi lililopita katika chujio bovu.

Waaidha, silinda si lazima itupwe. Ukuta wake umepakwa ngozi ngumu ya kromu au nikeli. Ikiwa ni aluminiamu ya pistoni tu iliyogandamana, mafundi huiondoa kwa msasa laini, au kwa tindikali kidogo kwenye pamba. Kazi hiyo hufanywa nje penye upepo, kwa glavu na miwani, kisha silinda ikaoshwa kwa maji mengi. Lakini ikiwa ngozi imebambuka hadi ukucha unakwama, hapo hakuna dawa ila silinda mpya. Pistoni mpya nayo huwa na mshale, na mshale huo huelekezwa upande wa moshi. Mwanya wa ringi hukaa penye kipini chake, la sivyo ringi huvunjika.

Kosa kubwa la wengi ni kufunga pistoni mpya na kuacha kilichoiua ya kwanza. Huenda sili za krenki zimechakaa, au mpira unaoshikilia kabureta una ufa. Hewa hupenya humo, na injini hupiga kelele kali kuliko desturi. Mwenyewe hufurahi akidhani imepata nguvu, kumbe inakata roho. Muda si muda, pistoni ya pili nayo imekwenda, na fedha pia.

Dawa yake haina gharama. Fundi huziba tundu la hewa na la moshi, akasukuma hewa kidogo ndani kwa pampu ndogo, kisha akapaka maji ya sabuni kwenye sili na maungio. Povu likichemka mahali, hapo ndipo palipo na ufa.

Basi wewe mwenye pawa, kabla ya kumlipa fundi muulize swali moja: ile pistoni ya kwanza iliuawa na nini? Asipokuwa na jibu, kazi haijaisha.