Vifungo vya Pumzi na Unadi wa Miujiza

Mwezi wa Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Yoga Duniani. Elimu hiyo ya kale ya Bara Hindi ina heshima yake. Lakini wapo wanaoinadi kama dawa ya miujiza, wakidai kwamba mtu akibana pumzi kidogo tu, mawazo mabaya yote humtoka. Hatuna budi kupambanua elimu na unadi.

Kitabu cha Svatmarama, Hatha Yoga Pradipika, cha karne ya 15, chaeleza vifungo vitatu. Katika mula bandha, yaani kifungo cha shina, misuli ya chini ya nyonga hukazwa na kuvutwa juu. Katika uddiyana bandha mtu hutoa pumzi yote, kisha huvuta tumbo ndani kuelekea mbavuni. Katika jalandhara bandha kidevu hushushwa kifuani na pumzi huzuiwa. Wataalamu hao waliamini kwamba hivyo prana, nguvu ya uhai, haipotei ovyo, na kwamba pumzi ikitulia akili nayo hutulia.

Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha kituo cha Kaivalyadhama huko Lonavla, akayachunguza mazoezi haya kwa eksirei na vipimo vya msukumo wa hewa tumboni. Yaliyopimika ni mambo ya mwili. Prana yenyewe haijapimwa kwa chombo chochote. Hata hivyo zoezi si la bure. Pumzi ya polepole hupunguza mapigo ya moyo, na mwenye kuiangalia pumzi yake kwa makini hupata nafasi ya kuliona wazo baya kabla halijamtawala.

Tena tukumbuke kwamba Patanjali, aliyemtangulia Svatmarama kwa karne nyingi, hakuanza na tumbo. Alitanguliza kutodhuru, kusema kweli na kutoiba. Na wazo ovu likija, alifundisha kulilea wazo lililo kinyume chake. Basi afungaye tumbo na kuuacha ulimi wazi kwa fitina hajafunga kitu.

Ndugu wasomaji, kifungo cha tumbo hakifanywi baada ya kula, wala hakiwafai wajawazito, wenye shinikizo la damu, ngiri au vidonda vya tumbo. Na yule ambaye huzuni imemnyima usingizi na hamu ya kuishi apelekwe hospitali; kumwambia abane pumzi tu ni kumtelekeza.

Kwa watumishi wa serikali wanaotoa idhini ya mafunzo ya namna hii, twasema hivi: mwalimu aulizwe alijifunza wapi, naye awaulize wanafunzi afya zao kabla ya pumzi ya kwanza kuzuiwa. Anayeahidi kuponya kila kitu asipewe ukumbi.