Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Kuoka Vileja vya Sikukuu

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: kipimo, chekecha, samli, palia, mvuke. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili, kisha tuendelee.

Leo tutajifunza kuoka vileja. Wengi wenu mnavijua. Ni biskuti nyeupe za unga wa mchele, samli, sukari, mayai na hiliki, ambazo watu wa pwani hupenda kuziweka katika sinia ya wageni siku ya Idd.

Pengine bwana mmoja darasani atauliza, "Jambo la jikoni lahitaji somo?" Ndiyo, lahitaji, kwa kuwa ndani yake mna fedha. Mchele waweza kutoka shambani kwenu, lakini samli, sukari na mayai hununuliwa dukani, na nyumba nyingi hununua mara moja tu kwa ajili ya sikukuu. Vileja vikiungua chini na kubaki vibichi juu, fedha imekwenda na sinia ni tupu. Hapo mama mwoka husema, "Sina bahati na moto." Bahati haimo. Yamo mambo matatu: unga uwe mkavu, kipimo kiwe kimoja, na moto wa juu uzidi wa chini. Tuyatazame moja moja.

SIKUKUU NA MAJIRA

Kwanza, kwa nini watu huoka vitu vitamu sikukuuni? Aliyefunga mwezi mzima hufurahi kula na kukirimu. Si sisi peke yetu. Huko Italia, Wakristo wa zamani hawakula mayai katika siku za Kwaresima, na kuku hawakuacha kutaga. Ilipofika Pasaka mayai yalikuwa tele, nayo yakatiwa katika mikate na biskuti. Mpaka leo katika kisiwa cha Sicily watu hukanda unga mtamu na kuutia yai zima pamoja na ganda lake, kisha huuoka.

Pasaka huja Machi au Aprili kila mwaka. Idd hufuata mwezi wa angani. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, basi Idd hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa kalenda, na kwa muda wa miaka 33 hivi huzunguka majira yote. Mwaka 2024 Idd-el-Fitri ilikuwa tarehe 10 Aprili, katikati ya masika. Mwezi huohuo mafuriko yaliingia katika nyumba na mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Idd ikiangukia masika, hewa ina maji, unga haukauki, na mkaa hulowa. Mwenye kuoka hana budi kuyajua majira.

JAMBO LA KWANZA: UNGA MKAVU

Osha mchele, uloweke mpaka ulainike, kisha uchuje maji na kuutandaza juu ya kitambaa safi. Ukishanyauka, utwange katika kinu au upeleke mashineni, halafu uchekeche. Chenga zinazobaki zirudishwe kinuni. Unga ukiisha, uanike juani mpaka ukauke kabisa. Twaa kidogo katika kiganja na ufumbate. Ukifumbua mkono na unga ukashikamana kama donge, bado una maji. Ukimwagika, uko tayari.

Kwa nini tunajali sana maji? Maji yaliyomo katika unga hugeuka mvuke jikoni. Mvuke ule hukipasua kileja, au hukifanya kigumu badala ya kumung'unyika mdomoni. Tena unga mbichi uliowekwa siku nyingi huota ukungu, na unga wenye ukungu haufai kuliwa hata ukiokwa. Katika siku za masika, siku ya kwanza ya jua isikupite: twanga na uanike mapema, kisha utie unga katika mkebe wenye kifuniko.

JAMBO LA PILI: KIPIMO KIMOJA

Sasa chukueni kalamu na madaftari. Andikeni:

Unga wa mchele vikombe 3
Samli kikombe 1
Sukari iliyosagwa kikombe 1
Mayai 2
Hiliki iliyotwangwa kijiko kidogo 1

Kikombe gani? Kikombe chochote cha chai, mradi kiwe kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi zetu walipima kwa kifuu, na kwa kibaba na pishi, ambapo vibaba 4 ni pishi 1, na vipimo vyao vilikuwa sahihi. Kosa huja pale unga unapopimwa kwa kikombe kikubwa na samli kwa kikombe kidogo.

Fahamuni pia kazi ya kila kitu. Unga wa ngano ukikandwa na maji huvutika kama mpira, kwa kuwa una kitu kinachoitwa gluteni. Mchele hauna gluteni. Kwa hiyo unga wake haujishiki wenyewe, bali hushikwa na samli na mayai. Samli ikipungua, vileja huvunjika kabla havijafika mezani. Ikizidi, huyeyuka na kutandaa kama maandazi yaliyokanyagwa.

Piga samli na sukari pamoja kwa mwiko mpaka viwe vyeupe na vyepesi. Vunja yai moja moja katika kikombe cha pembeni, ili yai bovu lisiharibu kazi yote. Tia mayai, piga tena, tia hiliki, kisha tia unga kidogo kidogo huku ukichanganya. Fanya vidonge vidogo, kila kimoja kibonyeze juu kwa uma, na uvipange mbalimbali katika sinia ndogo ya bati iliyopakwa samli.

JAMBO LA TATU: MOTO WA JUU

Nyumba nyingi hazina tanuri. Sufuria kubwa, mchanga na mkaa vyatosha. Tandaza mchanga mkavu chini ya sufuria, unene wa vidole viwili. Mchanga hupokea moto wa jiko na kuugawa sawasawa, ili bati lisipate moto mkali mahali pamoja. Mchanga uwe mkavu kweli, maana wa maji utatoa mvuke. Weka sinia juu ya mchanga, funika kwa kifuniko bapa cha chuma, kisha palia, yaani weka makaa ya moto juu ya kifuniko.

Makaa mangapi? Yagawe mafungu matatu yaliyo sawa. Fungu moja liwe chini, mafungu mawili juu. Sababu ni hii: hewa ya moto hupanda. Moto wa chini hupanda wenyewe na kugonga sufuria, basi mdogo unatosha. Moto wa juu hewa yake hupanda na kupotea angani, na ni kifuniko chenye moto tu kinachovichoma vileja kutoka juu. Ukiweka sawa juu na chini, chini kutaungua.

Kabla ya kuoka vyote, jaribu. Nyunyiza unga kidogo juu ya sinia tupu, funika, na uhesabu dakika chache. Unga ukigeuka kahawia upesi, moto umezidi: toa makaa ya chini kwa koleo. Kisha oka. Vileja huwa tayari baada ya dakika 20 hivi, lakini vitazame kwanza ikifika dakika ya 15. Visigeuke kahawia. Kileja kizuri hubaki cheupe juu, na chini huwa na rangi ya dhahabu kidogo. Kikitoka jikoni huwa laini. Msikirudishe motoni, kitakuwa kigumu kikipoa.

Vifuu vya nazi hutoa makaa mazuri kwa kazi hii. Mikoko ya Delta tusiikate ovyo, maana kuikata bila kibali ni kosa, na ndiyo inayolinda nchi yetu na mawimbi.

HATARI MOJA

Sikilizeni hapa kwa makini. Mvua ikinyesha, mtu huvutwa kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Msifanye hivyo hata mara moja. Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kulegea, na aliyelala hufa bila kuamka. Okeni barazani au bandani penye upepo, na jiko lisilale chumbani na watoto, hata kama makaa yanaonekana yamekufa.

HESABU

Tuseme vifaa vyote pamoja na mkaa vimegharimu shilingi 10,000, na umepata vileja 50. Gawanya 10,000 kwa 50. Kila kileja kimekugharimu shilingi 200. Sasa tuseme 10 vimeungua, vimebaki 40. Gawanya 10,000 kwa 40. Kila kileja kizima sasa ni shilingi 250. Mama anayeuza kwa shilingi 250 akidhani anapata faida, leo hakupata hata senti moja. Moto wa chini umeila.

Vileja viache vipoe kabisa, kisha vitie katika mkebe. Ukivifunika vingali vya moto, mvuke wake utavilainisha.

Mwisho, kila mmoja aandike kipimo cha nyumbani kwake: cha vileja, cha mkate wa kumimina au cha visheti. Mwenye bibi au shangazi mjuzi amwendee kwa heshima, ampimie kwa kikombe anachokitia kwa mkono, na aandike. Mkono wa mzee una elimu nyingi, lakini akiondoka huondoka nayo. Daftari hubaki kwa wajukuu.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini?
2. Ukitaka kuoka kwa vikombe 6 vya unga, utatia samli, sukari na mayai kiasi gani?
3. Vifaa vimegharimu shilingi 12,000 na vileja vizima ni 48. Kila kimoja kimegharimu kiasi gani?
4. Taja dalili mbili za hewa ya sumu ya mkaa.

Kwa herini, wanafunzi, mpaka somo lijalo.