Mzigo wa Uhamisho na Hadaa za Madalali: Maelezo kwa Wanaohamia Tarime na Serengeti

Mtumishi anayepokea barua ya uhamisho kutoka Unguja au Pemba kwenda Wilaya ya Tarime au Wilaya ya Serengeti, katika Mkoa wa Mara, aghalabu huwa na muda mchache wa kujitayarisha na safari ndefu mbele yake. Vyombo vyake vya nyumbani huvuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha hupakiwa katika lori na kusafiri zaidi ya kilomita 1,300 kwa njia ya Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza, hadi kuingia Mkoa wa Mara kwa upande wa Bunda. Vitanda, makabati, jokofu, cherehani na vitabu vya watoto, mali iliyokusanywa kwa miaka mingi, hukabidhiwa kwa watu ambao mwenyewe hawajui. Ni katika hali hiyo ndipo dalali asiye mwaminifu hupata mwanya wake.

Maelezo haya yanawahusu watumishi wa taasisi za Muungano, kama vile Polisi, Uhamiaji na Mamlaka ya Mapato, ambao huweza kupangiwa kazi katika kituo cha mpakani cha Sirari au penginepo mkoani humo. Yanawahusu pia wananchi wanaohamia huko kwa biashara, kwa kazi za hoteli za kitalii au kwa shughuli za machimbo ya Nyamongo.

Dalali na mchukuzi

Udalali wenyewe si kosa. Malori mengi hupeleka mizigo Dar es Salaam kutoka mikoa ya Ziwa, na wenye malori hayo hawapendi yarudi matupu. Dalali huyajua magari yanayorudi, hukutanisha mwenye mzigo na mwenye gari, na hupata ujira wake kwa kazi hiyo. Kwa njia hiyo familia moja huweza kupata nafasi katika lori kubwa kwa bei nafuu kuliko kukodi gari zima.

Hata hivyo, jambo moja halina budi kufahamika. Dalali hana gari, naye si mchukuzi. Fedha anayopewa dalali haihesabiki kuwa imemfikia mwenye gari, isipokuwa mwenye gari huyo amempa idhini ya kuipokea. Mwananchi anayelipa nauli yote kwa dalali, bila ya kumjua mwenye gari, huenda amelipa ujira wa udalali peke yake, na akadaiwa nauli kamili mara ya pili mzigo utakapofika.

Njia zinazotumika kuhadaa

Ya kwanza ni bei ya kuvutia. Dalali hutaja kiasi kidogo ili apewe malipo ya mwanzo, na baada ya vyombo kupakiwa hudai kwamba mzigo umezidi makisio. Mwenye mali, ambaye vyombo vyake vimo ndani ya gari na vimefunikwa turubai, hujikuta hana la kufanya ila kuongeza.

Ya pili ni jina la mahali. Dalali huahidi kuwa gari "linafika Mara", ilhali Mkoa wa Mara una wilaya sita: Bunda, Butiama, Musoma, Rorya, Serengeti na Tarime. Gari linaloishia Bunda limefika Mara, lakini halijafika Tarime. Vilevile jina la Serengeti ni la wilaya ambayo makao yake makuu ni Mugumu, na pia ni la Hifadhi ya Taifa ambayo imeenea hadi nje ya mkoa huo. Barabara kuu ya kwenda Tarime na Sirari hupita Makutano na kuvuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, na anayekwenda Mugumu huiacha barabara hiyo kabla ya kulifikia daraja. Dereva aliyepatana na tajiri wake kuishia Mwanza au Musoma hana sababu ya kuiendeleza safari kwa ahadi ambayo yeye hakuitoa.

Ya tatu ni gharama zinazozuliwa njiani, na mbili kati yake zafaa kutajwa. Moja ni faini ya mizani. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 huupima uzito wa gari na ekseli zake, na anayewajibika kulipakia gari lake kwa kiasi kinachoruhusiwa ni mchukuzi. Vyombo vya nyumba moja ni vyepesi vikilinganishwa na shehena ya lori kubwa, hivyo dai kwamba makochi ndiyo yaliyosababisha faini linastahili kuulizwa kwa hati. Nyingine ni njia ya mkato ya kukatiza Hifadhi ya Serengeti kutoka upande wa Arusha. Njia hiyo ina ada na masharti ya hifadhi, wala hakuna barabara ya lami inayokatiza hifadhi kwa upande wa kaskazini. Mnamo Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilitoa hukumu ya kuizuia Serikali kujenga barabara ya lami katika eneo hilo. Anayeahidi njia ya mkato kwa bei ya chini aeleze kwanza ni nani atakayelipa ada hizo.

Ya nne, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni kuushikilia mzigo. Gari hufika, lakini milango haifunguliwi mpaka fedha nyingine itolewe.

Sheria inasema nini

Katika Tanzania Bara mapatano ya uchukuzi huongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Sheria hiyo huyatambua hata mapatano ya mdomo, ila ugumu wake ni kuyathibitisha. Mchukuzi ambaye hakulipwa nauli waliyopatana anaweza kudai haki ya kubaki na mzigo hadi alipwe. Kwa upande mwingine, kuizuia mali ya mtu isivyo halali ili akubali mapatano mapya ambayo hakuyataka, sheria hulihesabu jambo hilo kuwa ni shurutisho. Mapatano yaliyopatikana kwa shurutisho huweza kubatilishwa na aliyeshurutishwa, na fedha iliyotolewa kwa njia hiyo huweza kudaiwa irejeshwe.

Basi tofauti baina ya mchukuzi anayedai haki yake na mtu anayeteka mali ya mwenziwe ni bei waliyopatana tangu mwanzo. Ikiwa bei hiyo haikuandikwa, kila upande utasema lake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria hiyo hiyo huzingatia pia mwenendo wa mwenye gari. Akiwafanya watu waamini kuwa dalali fulani ana idhini yake, hufungwa na ahadi za dalali huyo zilizo katika mipaka ya idhini hiyo. Kwa hivyo karatasi yenye jina la mwenye gari au ujumbe wake wa simu ni kinga kubwa kwa mwenye mzigo.

Ama dalali anayepokea fedha kwa ajili ya gari ambalo halipo, huyo ametoka katika ugomvi wa mkataba na kuingia katika jinai. Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, inayotumika Bara, huadhibu kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 7.

Yanayopasa kufanywa kabla ya kupakia

Inashauriwa safari igawiwe sehemu mbili: ya bahari hadi Dar es Salaam, na ya barabara kutoka hapo hadi mwisho. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), ambayo mwaka 2019 ilichukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu, husimamia magari ya Tanzania Bara, na mamlaka yake hayafiki Visiwani. Anayelipa nauli ya lori akiwa bado Unguja, kwa mtu asiyekuwa na ofisi, huwa amelipia gari ambalo hajaliona.

Kabla ya mzigo kupanda, mwananchi aione kadi ya gari na leseni ya usafirishaji, na alinganishe namba zake na zile zilizobandikwa garini. Malipo yafanywe kwa jina lililomo katika hati hizo. Anayetuma kwa simu alisome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na likiwa ni la mtu mwingine asitume.

Mapatano yaandikwe kwenye karatasi moja na kutiwa saini na mwenye gari au dereva wake. Yataje bei ya mwisho, siku ya kufika, na mahali pa kushushia kwa jina la mji au kijiji na mtaa, wala si kwa jina la mkoa. Yataje pia ni nani atakayelipa wapakiaji, mizani na ada za njiani. Orodha ya vyombo iambatishwe, kila kifurushi kipewe namba, na picha zipigwe. Sehemu ya nauli ibakizwe hadi mzigo utakaposhushwa na kuhakikiwa.

Mtumishi aliyepewa masurufu ya uhamisho asisahau risiti halali ya mashine ya kielektroniki. Dalali wa barabarani hana risiti hiyo, na asiyekuwa nayo huweza kutakiwa kurejesha fedha kutoka mfukoni mwake hata kama mzigo ulifika salama. Ni vyema kabla ya hapo aulize ofisini kama mwajiri ana mchukuzi aliyeidhinishwa.

Mzigo ukishikiliwa

Ikitokea gari limefika Tarime au Mugumu na vyombo vikazuiliwa, mwenye mali asigombane wala asijichukulie vyombo kwa nguvu. Atoe baki ya nauli iliyoandikwa mbele ya mashahidi, na ikikataliwa aende kituo cha polisi akiwa na karatasi yake, afungue taarifa na apewe namba. Jeshi la Polisi ni la Muungano, hivyo mwenyeji wa Visiwani ana haki ya kusikilizwa huko kama alivyo nayo kwao. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji wa kata, ambao kwa mwananchi wa Zanzibar ni mfano wa sheha, wanaweza kuwa mashahidi na wasuluhishi. Malalamiko dhidi ya gari lenyewe yapelekwe LATRA kwa kutaja namba yake.

Ikiwa hapana njia ila kulipa ili watoto wapate pa kulala, malipo hayo yaandikwe wazi kuwa yametolewa kwa kutoridhia, na jina la aliyepokea litajwe. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwezesha mwananchi kudai fedha yake mahakamani. Muda wa kisheria wa kufungua madai ya mkataba Tanzania Bara ni miaka 6, lakini mashahidi husahau na magari huuzwa. Anayedhulumiwa asichelewe.

Wananchi na watumishi wanakumbushwa kuwa wapo madalali wengi waaminifu wanaoishi kwa jasho lao. Dalali wa namna hiyo hachukizwi na kalamu. Anayekataa kuandika, au anayeharakisha gari liondoke kabla ya saini, amekwisha kujitambulisha, na mzigo usipande gari lake.