Nani ana ufunguo wa tovuti ya kanisa?

Mguu ulioumia wa mtumishi mmoja wa kanisa kusini mwa Uswidi ulifika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, na hukumu iliyotolewa tarehe 6 Novemba mwaka 2003 ingali inayahusu makanisa yote ya bara hilo yanayowaachia waumini wa kujitolea kuandika katika tovuti zao.

Katika jiji la Stockholm, wanakoishi waumini wengi waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya na Tanzania, suala hilo lina uzito wa pekee.

Tovuti ya usharika mdogo haina mhariri anayelipwa. Huandikwa na katibu, kiongozi wa vijana, mpiga picha wa kwaya na kijana mmoja anayejua kompyuta, kila mmoja kwa wakati wake, baada ya kazi.

Mara nyingi wote hao hutumia neno la siri moja, ambalo limepita katika simu nyingi kiasi kwamba hakuna awezaye kuwahesabu wanaolijua.

Kesi ya Alseda

Mwishoni mwa mwaka 1998, mwanamke mmoja aliyehudumu kama katekista katika usharika wa Alseda, jimbo la Småland, alitengeneza kurasa za intaneti kwa kompyuta yake ya nyumbani. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya kompyuta, na nia yake ilikuwa kuwarahisishia waumini waliojiandaa kwa kipaimara kupata maelezo waliyoyahitaji.

Kwa ombi lake, msimamizi wa tovuti ya Kanisa la Uswidi aliweka kiungo cha kuzifikia kurasa hizo.

Ndani yake aliwaeleza watumishi wenzake wa usharika, watu 18 pamoja na yeye mwenyewe: majina, kazi na mambo wayapendayo, na kwa baadhi yao hali ya familia na nambari za simu. Aliandika kwa utani mwepesi. Kuhusu mwenzake mmoja alisema kwamba ameumia mguu na anafanya kazi nusu ya muda kwa sababu za afya.

Hakuwa amewaarifu wala kuwaomba idhini. Aliposikia kuwa baadhi yao hawakupendezwa, aliziondoa kurasa hizo, lakini alishtakiwa, na mahakama ya Eksjö ikamtoza faini ya krona 4,000.

Alikata rufaa, na Mahakama ya Rufani ya Göta ikaomba ufafanuzi kutoka Luxembourg. Majaji wa huko walisema kwamba kumtaja mtu katika ukurasa wa intaneti, kwa jina au kwa njia nyingine ya kumtambulisha, ni kushughulikia taarifa binafsi kwa maana ya sheria. Habari ya mguu, walisema, ni taarifa ya afya, na hiyo hulindwa zaidi.

Utetezi kwamba hiyo ilikuwa shughuli ya nyumbani, isiyo ya biashara, ulikataliwa. Ukurasa unaoweza kusomwa na watu wasio na idadi si jambo la ndani ya nyumba.

Hata hivyo, majaji hao hao walisisitiza kwamba mahakama za nchi zipime ulinzi huo pamoja na uhuru wa kujieleza, na kwamba adhabu ilingane na kosa. Mwaka 2004 mahakama ya Göta iliona kuwa kosa lilikuwa dogo na haikumwadhibu.

Kisheria, kesi hiyo husomwa kama kesi ya faragha. Kwa jicho la chumba cha habari, ina sura nyingine: hakuna aliyeisoma habari ile kabla haijatoka. Msomaji wa pili, hata asiyejua lolote kuhusu kompyuta, angeuliza iwapo mwenye mguu ana habari.

Jina linapokuwa hatari

Sheria ya sasa, ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei mwaka 2018, inaiweka imani ya dini katika fungu moja na afya. Chama cha dini kinaruhusiwa kushughulikia taarifa za waumini wake, lakini hakiruhusiwi kuzitoa nje bila ridhaa yao. Na tovuti, kwa tabia yake, ni nje.

Maana yake ni kwamba orodha ya waliobatizwa Jumapili, ambayo ikisomwa kanisani ni furaha tupu, ikibandikwa kwenye intaneti inatangaza kwa dunia nzima imani ya watu waliotajwa kwa majina.

Baadhi yao wana sababu ya kuogopa. Uswidi ina utaratibu wa kuficha anwani na taarifa za watu wanaotishiwa, wakiwemo wanawake waliowakimbia waume wakatili. Serikali ikishaficha anwani ya mtu, picha ya kwaya yenye jina lake na la usharika wake inatosha kumwonyesha anayemtafuta mahali pa kumngojea Jumapili.

Kwa wakimbizi wa kisiasa tishio huweza kutoka mbali zaidi. Sheria za Uswidi zinatambua kosa la ujasusi dhidi ya wakimbizi. Mwezi Februari mwaka 2012 iliripotiwa kwamba mwanadiplomasia wa Rwanda mjini Stockholm alifukuzwa nchini kwa tuhuma za aina hiyo, na mwaka 2018 mahakama ya Södertörn ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha mwaka 1 na miezi 10 kwa kuipelekea China habari za Watibeti waishio Uswidi. Habari zenyewe zilikuwa za kawaida: nani anaishi wapi, ana jamaa gani, anakutana na nani. Tovuti ya kanisa iliyoandikwa bila uangalizi huweza kuyajibu maswali hayo bure.

Kila mkono na jina lake

Dawa ya kwanza ni nyepesi, na haina gharama. Kila anayeandika apewe akaunti yake, yenye jina lake na neno lake la siri.

Programu ya WordPress, inayotumiwa na tovuti nyingi ndogo, ina ngazi za madaraka tayari. Mwenye ngazi ya chini ya uandishi huandika rasimu, lakini hawezi kuichapisha, na kwa kawaida hawezi kupandisha picha. Ikishachapishwa na mhariri, hawezi tena kuigusa. Aliye juu yake huchapisha maandishi yake mwenyewe, mhariri huyashika ya wote, na msimamizi huishika tovuti nzima.

Makanisa mengi huwapa watu wote usimamizi, kwa heshima au kwa uvivu. Mzee wa kanisa huona haya kuambiwa kwamba yeye ni mwandishi wa rasimu tu. Lakini mweka hazina hakabidhiwi kengele, na hakuna anayeona kuwa amedharauliwa.

Programu hiyo huhifadhi pia matoleo ya awali ya kila ukurasa pamoja na jina la aliyeubadilisha. Kwa neno la siri la wote, kumbukumbu hiyo haina maana, na kosa likitokea kila mmoja humshuku mwenzake. Kwa akaunti za majina, ukurasa ulioharibika Jumamosi usiku hurudishwa kabla ya ibada, na aliyekosea hufundishwa.

Wasimamizi wawili wanatosha, kwani mmoja akisafiri au akifariki, kanisa lisibaki nje ya mlango wake. Hao watumie uthibitisho wa hatua mbili, ambapo neno la siri hufuatwa na nambari inayotoka katika simu. Jina la tovuti liandikishwe kwa usharika, si kwa kijana aliyeitengeneza. Anayehama afungiwe akaunti siku anayoagwa, na nakala ya akiba ikae mahali pengine.

Wadukuzi hawabagui nyumba za ibada. Mwezi Novemba mwaka 2023 mifumo ya kompyuta ya Kanisa la Uswidi ilishambuliwa, na sharika zikatatizika hata kupanga ubatizo na mazishi.

Anayebeba lawama

Uswidi ina jambo jingine lisilojulikana sana kwa wageni. Tangu mwaka 2003, tovuti isiyo ya chombo cha habari inaweza kuomba hati ya uchapishaji na kupata ulinzi wa kikatiba wa uhuru wa kujieleza. Masharti mawili kati ya yaliyowekwa ni haya: awepo mhariri mwajibikaji aliyetajwa kwa jina, na maandishi yasiweze kubadilishwa na mtu aliye nje ya uhariri.

Si lazima usharika uombe hati hiyo. Lakini sharti hilo linafaa kuigwa: mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kinachotoka.

Wanaodhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya watazame Afrika Mashariki. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka 2023. Mwezi Septemba mwaka huo huo, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Darasa la Jumapili nalo limejaa watoto, na picha zake ndizo ambazo mpiga picha wa kwaya huzipenda kuliko zote. Ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi na itunzwe na katibu. Mzazi akibadili nia, awepo mtu mwenye akaunti na mamlaka ya kuiondoa picha siku hiyo hiyo, na wa kuzitaka injini za utafutaji zifute nakala zao.