Jiwe Chini ya Ulimi

Wiki hii barua za wasomaji zimefuatana kwa lalamiko moja: mtu akianza kula, upande mmoja chini ya taya unavimba na kuuma, baada ya saa moja au mbili unanywea, halafu mlo ujao ni yaleyale. Mmoja ameambiwa karogwa. Mwingine ameuziwa dawa ya mnyoo wa jino, mnyoo ambao hajawahi kuonekana na mtu tangu dunia iumbwe.

Mara nyingi hilo ni jiwe, na limetengenezwa na mate ya mgonjwa mwenyewe. Mate yamebeba kalsiamu na fosfeti nyingi kuliko maji matupu yanavyoweza kuyeyusha. Hayagandi kwa kuwa yana protini kama staterini, inayozuia chembe za madini zisishikane. Mzigo huo una kazi: ndio unaoziba ngozi ya jino iliyoliwa na asidi. Ubaya huanza mate yanapotuama. Zaidi ya mawe manane kati ya kumi hutokea kwenye tezi ya chini ya taya, na si ajabu. Mrija wake, uliopewa jina la Thomas Wharton, Mwingereza aliyeueleza mwaka 1656, ni mrefu, unapanda mlima hadi chini ya ulimi, na mate yake ni mazito. Chembe ikikwama humo, chokaa huigandia tabaka juu ya tabaka, kama ukoko wa birika linalochemshia maji ya kisima. Mpe mgonjwa embe bichi la pilipili uone: mate yanafurika, njia imezibwa, tezi inatuna.

Mdomo wa mrija huo uko nyuma ya meno ya mbele ya chini, na ndipo ukoga mgumu hujaa kwanza. Utando usiposwakiwa huanza kuwa jiwe ndani ya siku chache. Hapo mswaki umeshindwa. Limau nalo, na kimiminika kisicho na jina kinachouzwa na "daktari" wa stendi, huanza kula jino lenyewe kabla ya jiwe. Eti kukwanguliwa ukoga huo na daktari wa meno kunalegeza meno! Yalishalegea, jiwe ndilo lililokuwa limeyashikiza. Na kahawia ya meno ya watu wa Arusha si ukoga, ni floridi ya maji, msiikwangue.

Turudi kwenye mrija. Kijiwe kidogo: maji mengi, nyonya ukwaju, kanda taya kuelekea mbele. Homa, usaha au uvimbe usioshuka: hospitali leo. Kikubwa hutolewa na daktari. Kidogo hutoka chenyewe, cha manjano, kama punje ya mtama, na wengine hukimeza pamoja na ugali.